Kamba ya Kupimia Maji

Shinyanga Mjini,
5 Juni 2023

Mwalimu Mbuke Bujiku,
Kalangalala, Geita.

Shikamoo Mwalimu.

Naitwa Loveness Charles. Ni afisa mahusiano ya jamii wa kikosi kinachotafuta gesi asilia katika mbuga ya kijiji chenu cha Mwanhindila. Nilipokupigia simu ulisema niandike kila kitu kisha ukakata, basi naandika.

Kukupata haikuwa rahisi. Jirani yako wa zamani, Mzee Ngusa, alituambia umefariki. Alisema kwa huzuni hata dereva wetu akavua kofia. Baadaye mama mmoja anayeuza michembe, viazi vitamu vikavu, sokoni, Mama Limi, alinifuata pembeni akaniambia, "Mwalimu hajafa, yuko Geita. Huyu Ngusa anamzika kila mwaka, sijui hachoki?" Ndiye aliyenipa namba yako.

Kazi yetu ni hii. Mwamba ulio chini kabisa ni mgumu na hauachii gesi kirahisi. Gesi hupita kwenye nyufa za asili, zile zilizotokea ardhi ilipojipasua yenyewe zamani. Anayejua nyufa zimeelekea wapi ndiye anayejua pa kuchimba. Ili kuzijua hatuchimbi. Magari mazito hushusha bamba la chuma, huikandamiza ardhi na kuitetemesha. Mtetemo hushuka, hugonga miamba na kurudi juu, na vinasa mtetemo vidogo tulivyochomeka ardhini huupokea. Mtetemo unaofuata ufa hukimbia. Unaoukata ufa huchelewa, na hufika umechoka. Ndiyo maana tunapanga vinasa pande zote, ili tulinganishe.

Mstari wetu mmoja unapita kwenye ekari sita za marehemu mama yako, penye kisima cha zamani. Bila saini yako hatuwezi kupita. Nimeambatisha hati ya ridhaa na nimempa kondakta wa basi bahasha hii akufikishie mkononi.

Wako mtiifu,
Loveness Charles


Kalangalala, Geita,
14 Juni 2023

Mjukuu wangu Loveness,

Marahaba. Kuhusu kufa, mwambie dereva wako avae kofia yake.

Nilikukatia simu kwa sababu neno la simu mtu hulikana kesho yake. Umeeleza kazi yenu vizuri, nami nitakueleza habari ya kisima hicho, usije ukapita juu yake bila kujua unapita wapi.

Ekari zile mama yangu Apolonia alipewa na baba yake. Kisima kimo ndani ya mpaka wetu, lakini kijiji kizima kilichota na hatukumzuia mtu wala ng'ombe. Mwaka 1988 nilikuwa nafundisha jiografia darasa la sita na la saba. Niliwafundisha watoto kupima kina cha maji. Unachukua kamba ya katani, unaipiga fundo kila urefu wa mkono, mwishoni unafunga chupa yenye kokoto. Unaishusha mpaka chini, unaivuta, unahesabu mafundo yaliyolowa. Julai ya mwaka huo yalilowa kumi na moja.

Siku moja ya Agosti, tukiwa darasani, ardhi ilishtuka. Madirisha yalilia na chaki zikaanguka kutoka mezani. Ngusa alikuwa akichimba kisima cha ng'ombe wake juu ya mteremko, ndani ya ua wake wa minyaa. Alisema anachimba kwa sururu. Sururu haitingishi madirisha. Baada ya hapo yalilowa mafundo manne, kisha mawili, kisha chupa ikarudi na vumbi.

Shule ilipofungwa nilikwenda kupima mwenyewe, alfajiri, kabla ya ndoo za wanawake, kwa sababu maji yaliyotulia ndiyo hutoa kipimo sahihi. Ngusa aliniona. Wakati huo alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, ambao kijiji huwaogopa kuliko polisi. Waliitisha mkutano. Alisimama ameinua kamba yangu akasema, "Tazameni wenyewe. Kila fundo ni maji aliyoyafunga. Alipofunga la mwisho, kisima kikanyamaza." Nilipofungua mdomo kueleza, filimbi ilipulizwa.

Walinitenga. Asiniamkie mtu, asinipe moto, asinichotee maji, na jua lisizame nikiwa kijijini. Niliondoka na mama yangu, nimempakia kwenye baiskeli naikokota. Alifia Ushirombo mwaka uliofuata, katika chumba cha kupanga. Nilituma ujumbe nikiomba nimrudishe azikwe kwao. Jibu lilikuwa la Ngusa: aliyefunga maji asituletee maiti.

Tangu hapo nimesoma kila kitabu cha miamba kilichonifikia. Mpangaji wangu hapa, Enock, ni mchimbaji. Hunieleza jinsi maji yanavyofuata ufa wa mwamba mpaka yakajaza duara, shimo lao la dhahabu, wakati mto wenyewe uko mbali. Kwa hiyo ninajua ninachokiomba.

Nimesoma kwamba kabla ya kuitafuta gesi kule chini, lazima mpime tabaka la juu, la sivyo hesabu zenu zitapotoka. Mtakapolipima, vinasa vizunguke kisima chetu na kisima cha Ngusa, na katikati yake, pande zote. Kisha matokeo yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji, mahali pale pale waliponitenga, Ngusa akiwa ameketi mbele. Nikipata hayo kwa maandishi nitasaini. Nisipoyapata, magari yenu yazunguke.

Mimi,
Mbuke Bujiku


Mwanhindila,
26 Juni 2023

Mwalimu,

Mwangaluka! Shikamoo sikupi, tulichunga ndama pamoja. Naandika kwa sababu masikio yangu yamekufa kabisa. Mke wangu Asteria hunitukana tangu asubuhi, nami namwitikia "ahsante mama."

Nafurahi kusikia uko hai. Niliwaambia umekufa kwa sababu ulinyamaza. Mtu akinyamaza miaka yote hiyo, sisi wengine tufikirie nini?

Yule binti wa magari amenionyesha masharti yako. Mbuke, mpaka maji yangu unataka kuyatungia mtihani? Darasa lako halijaisha tu? Kijiji kinayataka magari haya. Vijana wamepata kazi ya kuchomeka vile vinasa, barabara imesawazishwa, mama lishe wanapika sufuria mbili badala ya moja. Ukikataa wewe, watasema Mwalimu amefunga na gesi. Unataka kufukuzwa mara ya pili na hata hupo?

Nina mitamba wanne wazuri. Nitawapakia kwenye lori mpaka mlangoni kwako. Saini bila masharti. Tumekuwa wazee, tusameheane, tuwaachie watoto kijiji kilichotulia.

Na pole kwa msiba wa mama.

Ndimi,
Ngusa


Kalangalala,
3 Julai 2023

Ngusa,

Mitamba wako na mama zao wamekunywa maji ya mama yangu tangu 1988. Sitaki kuyanywa tena yakiwa maziwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeanza na utani, ukapita kwenye vitisho, ukafika kwenye ng'ombe, ukamalizia na msamaha. Kisima changu hukukitaja hata kwa jina. Mwanafunzi akiniletea jibu la namna hiyo namrudishia daftari.

Nina swali. Masikio yako yalianza kufa lini? Sururu haiui masikio. Baruti huyaua, tena polepole, na mpangaji wangu Enock anawajua wenzake wengi walioishia hivyo. Nadhani ulianza kuwaomba watu warudie maneno mwaka ule ule. Kama ni hivyo, mlipuko wa siku ile ndio sauti iliyobaki kichwani mwako baada ya nyingine zote kuondoka. Umekuwa ukilala nao. Hilo limenifurahisha, na sioni sababu ya kukuficha.

Pole yako imefika. Nimeiweka pamoja na vitu vilivyoharibika njiani.

Siku ya mkutano uvae vizuri.

Mbuke


Shinyanga Mjini,
12 Julai 2023

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Nimepeleka masharti yako kwa wakubwa. Kuhusu vinasa hawana tatizo, maana tabaka la juu lazima tulipime kama ulivyosema. Mtaalamu wetu wa mitetemo ni Pritesh. Kwao ni lile duka la vitambaa karibu na stendi ya zamani, na anaongea Kisukuma kunishinda mimi. Amekubali kuyasoma matokeo yeye mwenyewe mbele ya watu.

Ila ameniagiza nikuulize jambo moja, nami naona ana haki. Ardhi haina upande. Huenda tukakuta hakuna ufa wowote kati ya visima viwili. Huenda kisima chenu kilikauka kwa ukame tu. Matokeo yakiwa hivyo yatasomwa hivyo hivyo, na Mzee Ngusa atatoka pale akiwa msafi mbele ya kijiji kizima. Bado unataka yasomwe?

Fikiri kwanza, Bibi. Hatuna haraka mpaka mwisho wa mwezi.

Loveness


Kalangalala,
17 Julai 2023

Mjukuu wangu,

Sihitaji mwisho wa mwezi. Yasomwe.

Jana nilimwuliza Enock angefanya nini angekuwa mimi. Alikuwa anaosha matope miguuni. Akasema, "Bibi, sisi tukishuka duarani hatujui kama kuna mwamba wenye dhahabu au kifusi kitupu. Lakini anayesimama juu na kuchungulia tu, huyo hana chake." Kisha akaniomba chumvi, maana ndiyo kawaida yake baada ya kusema jambo la maana.

Ufa usipokuwepo, nitakufa nikijua nimemchukia mtu kwa kosa la mawingu. Litakuwa jambo gumu kwa umri wangu. Lakini niliona chaki zikianguka. Hati hiyo hapo, nimesaini kila ukurasa. Mwambie Pritesh asimwonee mtu yeyote haya, mimi nikiwemo.

Mbuke Bujiku


Mwanhindila,
8 Agosti 2023

Mwalimu,

Nimekifukia kisima changu. Nimeona kimezeeka, wajukuu wasije wakatumbukia. Kazi imetuchukua siku kadhaa na mikokoteni miwili, watu wakipita wanatusalimia. Nimetumia udongo wa kichuguu, ule mzuri, tukaumwagia maji na kuushindilia kwa mchi. Ukisimama pale leo utadhani hapakuwa na kitu tangu dunia iumbwe.

Ng'ombe wangu wanakwenda lamboni na wengine, hawajalalamika.

Sasa waambie watoto wako walete magari yao. Waisikilize ardhi mpaka wachoke. Watasikia ninachosikia mimi.

Ngusa


Mwanhindila, kambini,
2 Septemba 2023

Shikamoo Bibi,

Naandika nikiwa nimekaa juu ya boksi la vinasa, usijali mwandiko.

Tumemaliza kwenu juzi. Mzee Ngusa alitusindikiza kila siku. Kila kinasa kilipochomekwa karibu na ua wake alicheka na kutuonyesha ardhi kwa fimbo, "Hapa hamna kitu! Na hapa hamna!" Pritesh alimwandikia kwenye karatasi kwamba mtetemo haujali kama shimo limefukiwa, unapita kwenye mwamba wa chini yake. Alisoma, akaikunja karatasi akatengenezea sigara ya tumbaku.

Lakini hilo silo lililonifanya nikuandikie kabla ya matokeo. Leo asubuhi nilikwenda kuchukua vinasa vilivyobaki kwenye kisima chenu. Nilikuta wanawake wamesimama kukizunguka, na ndoo zao zimewekwa chini. Mama Limi alinishika mkono akanisogeza nichungulie. Bibi, mna maji. Wanasema tangu kisima kikauke huwa yanapatikana masika tu, na kidogo. Mwaka huu mvua iliisha Mei na lambo limebaki tope. Mama Limi anasema aliona unyevu wiki mbili zilizopita akadhani ni macho yake.

Kisha mama mmoja akageuza shingo akaangalia juu ya mteremko, kwenye ua wa minyaa. Wengine wote wakageuka kuangalia huko huko.

Loveness


Kalangalala,
9 Septemba 2023

Mjukuu wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaenda kukaa, nikaisoma tena.

Udongo wa kichuguu! Mama yangu aliziba nao matangi ya nafaka, nasi tulipakaa sakafu. Hakuna udongo unaozuia maji kama huo katika nchi nzima ya Wasukuma. Angetumia mchanga, maji yangeendelea kupita na kupotelea kwake. Kwa uoga wake amechagua dawa yenyewe, akaishindilia kwa mchi juu ya mdomo wa ufa, na maji yaliyokosa pa kupandia yakarudi kwenye njia yao ya zamani.

Miaka yote hii nimetunga hotuba ya kumshtaki. Ninaijua kwa moyo. Sasa nakuta mshtakiwa amekwenda kutoa ushahidi mwenyewe kwa mikokoteni miwili, huku akisalimiwa.

Mkutano ufanyike. Mimi sitakuja. Niliondoka pale kwa filimbi, na siwezi kurudi kwa gari la wageni. Uwe macho yangu.

Mbuke


Shinyanga Mjini,
4 Oktoba 2023

Shikamoo Bibi,

Mkutano ulifanyika jana mchana, mahali pale pale. Watu walikuja mpaka wa vijiji vya jirani.

Mzee Ngusa alikaa mbele kama ulivyotaka, amevaa koti na kofia mpya, mkewe Bibi Asteria ubavuni. Pritesh alitandika ramani kubwa juu ya turubai. Alieleza kwa Kisukuma, taratibu. Alisema mtetemo uliotoka ua wa Ngusa kuelekea kisima cha zamani ulikimbia, na uliokata njia hiyo kwa upande ulifika umechelewa na dhaifu. Kisha akapitisha kidole kwenye mstari mwekundu kutoka kisima kilichofukiwa mpaka chenu. "Huu ni ufa mmoja," alisema. "Ni wa zamani kuliko watu. Na hapa juu, chini ya kile kisima, mwamba umevunjikavunjika. Hapo ardhi haikujivunja yenyewe."

Aliongeza jambo ambalo nadhani utalipenda. Nyufa za chini kabisa, kule tunakotafuta gesi, zimeelekea upande ule ule. Nguvu iliyoipasua ardhi ilikuwa moja, juu na chini. Kama gesi ipo ya kutosha hatujui bado.

Watu hawakushangaa, Bibi. Walikwisha kunywa maji. Mzee Ngusa hakusikia kitu, alikuwa anatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Tabasamu lilimtoka alipoona kidole cha Pritesh kimesimama kwenye ua wake.

Mama Limi alisimama. Alisema, "Nilikuwa darasa la sita. Ile kamba nilisaidia kuipiga mafundo mimi. Walinikataza kumwamkia mwalimu wangu, nikampita njiani kama mti, na mama yake yuko juu ya baiskeli. Leo nimpite nani?" Halafu filimbi ya sungusungu ikapulizwa: Mzee Ngusa atengwe.

Mwenyekiti wa kijiji alisema serikali haitambui mambo ya kutenga watu. Walimwitikia "ndiyo mwenyekiti," wakafanya walivyotaka. Mzee Ngusa alikuwa akigeuka huku na huku, "Wamesema nini? He! Wamesema nini?" Hakuna aliyemjibu, maana kutengwa kulikuwa kumeshaanza. Mwisho Bibi Asteria aliinama akamwandikia mchangani kwa kidole.

Bibi, nisamehe. Nilidhani siku hiyo nitafurahi. Lambo limekauka, hakuna anayemruhusu Mzee Ngusa kuchota kisimani kwenu. Wewe ukiandika mstari mmoja, wataacha. Wanasubiri barua yako, mwenyekiti ameniambia.

Loveness


Mwanhindila,
15 Oktoba 2023

Mwalimu Mbuke,

Ng'ombe wawili wamelala chini jana na hawajasimama. Kuchimbua kisima changu siwezi, vijana hawanifanyii kazi, na udongo ule umekuwa jiwe. Mwenyekiti ameniandikia kwamba kisima ni cha marehemu mama yako, kwa hiyo ruhusa ni yako.

Naomba maji.

Najua unataka nini kabla yake, basi hiki hapa. Nilipiga baruti. Nilijua siku ile ile, kwa sababu maji yangu yalipanda huku yenu yakishuka. Watu wangeanza kuuliza. Nilihitaji waangalie pengine kabla hawajaangalia juu ya mteremko, nawe ulikuwa unatembea alfajiri na kamba mkononi. Ingekuwa mtu mwingine, ingekuwa mtu mwingine.

Kamba yako waliniachia kama ushahidi. Niliitumia kufungia ndama mpaka ikaisha.

Hapa nyumbani anayesema nami ni Asteria tu, naye anaandika mchangani. Upepo ukivuma sijui alikuwa ananitukana au ananipenda.

Ngusa


Kalangalala,
21 Oktoba 2023

Ngusa,

Ng'ombe hawakunikosea. Watakunywa.

Loveness anataka niandike mstari wa kuwaambia watu waache kukutenga. Sikuwaamuru waanze, na sitawaamuru waache. Wana midomo. Nilipokuwa naikokota baiskeli hakuna aliyesubiri barua ya mtu.

Umesema ingekuwa mtu mwingine, ingekuwa mtu mwingine. Naamini. Umenifukuza bila hata kunichukia. Mimi nimekuchukia kwa bidii, kama kazi, na sasa naona nilikuwa peke yangu kwenye kazi hiyo. Ndiyo sababu sitakupa maji bure.

Utatafuta katani na utaisokota kamba wewe mwenyewe. Utaipiga fundo kila urefu wa mkono. Mwishoni utafunga chupa yenye kokoto. Kila alfajiri, wanawake wakiwa wamefika na ndoo zao, utaishusha mpaka chini, utaivuta, na utahesabu mafundo yaliyolowa kwa sauti kubwa. Kwamba husikii sauti yako haidhuru, watakusikia wao. Ukishahesabu, utawanywesha ng'ombe wako. Siku usipopima, hawanywi. Mama Limi atanijulisha, na nina hakika atafurahia kazi hiyo.

Mtu mpya akipita, mgeni wa magari au mke aliyeolewa mwaka huu, akashangaa huyu mzee anafanya nini kisimani alfajiri na kamba yenye mafundo, utamjibu kwa mdomo wako: "Ninapima maji." Usiongeze kitu. Hayo ndiyo maneno niliyotaka kuyasema mimi filimbi ilipopulizwa. Yalikuwa mawili tu.

Mama yangu simrudishi. Ushirombo wamempa mahali kwa wema, pana kivuli, na watawa hufagia. Mimi pia sirudi. Huku jioni mgodi ukilipua, vikombe hugongana kabatini, nami husubiri mpaka vitulie ndipo namimina chai. Nimezoea.

Kila mwezi utaniandikia umefika fundo la ngapi.

Mbuke


Mwanhindila,
20 Novemba 2023

Mwalimu,

Ng'ombe mmoja alikufa, waliobaki wananyanyuka.

Leo yamelowa matano. Wiki iliyopita yalikuwa manne na nusu, lakini nusu sikuitaja, nilidhani utaikataa. Siku za mwanzo wanawake walicheka mpaka wakamwaga ndoo. Siku hizi hawacheki, wananyamaza mpaka nimalize kuhesabu, na hilo ni baya zaidi. Juzi alikuja msichana aliyeolewa kwa akina Masalu. Niliona mdomo wake ukiniuliza. Nikamjibu, "Ninapima maji." Akamtazama Mama Limi, Mama Limi akatazama pembeni.

Mikono inaniuma kwa katani. Mvua zimeanza kunukia. Nakuomba uniambie jambo moja tu, niipange nafsi yangu: mpaka lini?

Ngusa


Kalangalala,
27 Novemba 2023

Ngusa,

Mpaka yalowe kumi na moja, kama Julai ya 1988.

Maji ya mvua hayahesabiwi.

Mbuke